Tathmini ya Safari ya Kuongozwa Nchini Bhutan: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Kulipa

Kampuni ninayoitathmini hapa ni ndogo, ofisi yake iko Thimphu, mji mkuu, na ndiyo iliyotuandalia mimi na mwenzangu safari ya kuongozwa katika upande wa magharibi wa Bhutan: Paro, Thimphu, Punakha na bonde la Phobjikha. Sitaitaja jina, kwa kuwa kampuni zinazouza ratiba inayokaribia kufanana na hiyo ni nyingi, na yale niliyoyaona yatamfaa yeyote anayefikiria kununua safari ya namna hii, awe atakwenda nao au na wengine. Huduma ilikuwa nzuri, na katika baadhi ya mambo ilizidi matarajio yangu. Lakini sehemu kubwa ya uzuri huo ilitokana na mashauriano tuliyofanya kwa barua pepe kabla fedha hazijatumwa. Ratiba waliyoniletea mwanzoni ilikuwa imepangwa kwa kumrahisishia dereva. Ile tuliyokubaliana mwishoni ilikuwa imepangwa kwa kuzingatia miili yetu na saa za mchana, na bei yake ilibaki ileile.

Nianze na fedha, maana hapo ndipo taarifa zilizopitwa na wakati huwapotosha watu wengi zaidi. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2022, Bhutan ilikuwa na bei ya chini ya lazima kwa mgeni: dola 250 za Marekani kwa siku katika miezi ya msimu na dola 200 katika miezi mingine. Ndani ya kiasi hicho mlikuwamo hoteli ya kawaida, chakula, gari na mwongoza watalii, pamoja na dola 65 za Ada ya Maendeleo Endelevu zilizokwenda serikalini. Mfumo huo umefutwa. Nchi ilipofungua tena milango yake tarehe 23 Septemba 2022 baada ya janga la UVIKO-19, Ada ya Maendeleo Endelevu ilisimama peke yake na kupandishwa hadi dola 200 kwa kila usiku. Septemba 2023 ikashushwa hadi dola 100, kiwango kilichotangazwa kutumika mpaka tarehe 31 Agosti 2027. Ada hiyo huingia katika hazina ya serikali na kugharamia mambo kama afya, elimu na uhifadhi wa misitu, ambayo Katiba ya mwaka 2008 inataka ifunike asilimia 60 ya nchi wakati wote. Mgeni akishailipa hajapata kitanda, wala sahani ya wali, wala kiti ndani ya gari.

Kwa hiyo watu wazima wawili watakaolala usiku saba wanadaiwa dola 1,400 kabla hawajazungumza na hoteli yoyote. Mtoto aliyefikisha miaka 6 lakini hajafikisha 12 hulipiwa nusu, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Viza ni dola 40 kwa kila mtu, nazo hazirudishwi hata maombi yakikataliwa. Raia wa India wana utaratibu wao na hulipa ngultrum (fedha ya Bhutan) 1,200 kwa usiku, kwa hiyo msomaji atakayekutana na simulizi ya msafiri kutoka Delhi aliyezunguka Bhutan kwa gharama ndogo asidhani kwamba hesabu hiyo inamhusu.

Jambo la pili ambalo simulizi za zamani hulikosea ni ulazima wa kupitia kampuni. Siku hizi mgeni anaweza kuomba viza mwenyewe kwa njia ya mtandao, akalipa ada na kujitafutia hoteli. Sharti ni kuwa na mwongoza watalii mwenye leseni atakapotoka nje ya Thimphu na Paro. Nilipiga hesabu ya kujipangia kila kitu na nikaona kwamba, baada ya kumlipa mwongozaji na kukodi gari lenye dereva, tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo mno kulinganisha na usumbufu wake. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, kampuni inastahili fedha inayoitoza. Yetu ilishughulikia viza yote: tuliwatumia nakala za pasipoti zenye muda usiopungua miezi sita pamoja na picha, tukalipa, na barua ya kibali ikatufikia kwa barua pepe siku chache baadaye. Barua hiyo ichapishwe kwenye karatasi, kwa sababu shirika la ndege huidai kabla ya kukupa kibali cha kupanda ndege.

Ninachowasifu zaidi katika hatua hiyo ni mchanganuo wa gharama. Niliwaomba watenganishe ada ya serikali, viza, malazi, gari, mwongozaji, chakula na ada za kuingia katika majengo ya kihistoria, nao wakafanya hivyo bila kunung'unika. Kampuni nyingine niliyoiandikia ilinipa jumla moja tu iliyozungushwa, na nilipouliza kama ada ya kuingia Taktsang, monasteri maarufu iliyo gengeni karibu na Paro, imo, jibu likawa refu na lisilo na jibu ndani yake. Ada za kuingia kwenye ngome na mahekalu hulipwa mbali na ada ya serikali, na kwa watu wawili wanaotembelea sehemu kadhaa si fedha ya kupuuzwa. Ni vizuri pia kuuliza kwa maandishi kitakachorudishwa endapo ndege haitatua siku iliyopangwa.

Swali hilo la ndege lina uzito. Uwanja wa Paro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, umebanwa na milima pande zote, na rubani huingia bondeni kwa kuona kwa macho yake, akiilaza ndege upande kupita kati ya vilima. Ndiyo maana hakuna ndege inayotua usiku, na mawingu mazito au upepo wa alasiri huweza kuahirisha safari. Mashirika yanayohudumia njia za kimataifa kwenda huko ni mawili tu, Drukair na Bhutan Airlines, yakitokea miji kama Bangkok, Kathmandu, Delhi, Kolkata na Singapore. Mara nyingi tiketi zao huuzwa kando na tiketi ya shirika lililokufikisha katika miji hiyo, na hapo ndipo mtego ulipo: ukichelewa kuunganisha, shirika la pili halina wajibu kwako, na mizigo utalazimika kuichukua mwenyewe na kuiandikisha upya. Kwa anayeunganisha India, kuchukua mizigo kunaweza kumaanisha kuhitaji viza ya India. Tulilala usiku mmoja Bangkok wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi, na ningemshauri mtu yeyote afanye hivyo. Anayetoka katika nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo, kwa kuwa India na Thailand hukidai, na chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa. Anayepitia Kathmandu aombe kiti cha dirishani upande wa kushoto: hali ya hewa ikiwa njema, ataiona Everest kabla chai haijapoa.

Sasa nirudi kwenye ratiba, ambayo ndiyo bidhaa yenyewe. Rasimu ya kwanza ya kampuni ilituweka Paro siku ya kutua na kutupandisha Taktsang kesho yake asubuhi. Kwa dereva huo ni mpango mzuri, kwa sababu hotelini na mlimani ni jirani. Kwa mtu aliyetoka kwenye tambarare au pwani ni mpango mbaya. Monasteri ya Taktsang iko takribani mita 3,120, na mwili uliolala usiku mmoja tu kwenye mita 2,200 bado unajifunza kupumua. Nilipendekeza tutoke uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Thimphu, mwendo wa kilomita hamsini na kitu, kisha tuvuke mlima hadi Punakha iliyo chini sana, kwenye mita 1,200 na ushei, halafu tupande Phobjikha, na Taktsang ibaki kuwa jambo la mwisho kabla ya kuondoka. Wakakubali mara moja, wakaongeza na jambo ambalo sikulifikiria: tuvuke mlima wa Dochula asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunga, ili tuione safu ya Himalaya ikiwa wazi. Huko juu, kwenye mita 3,100 hivi, ziko stupa (minara midogo ya Kibudha) 108 zilizojengwa kuwakumbuka waliokufa katika mapigano ya mwaka 2003 kusini mwa nchi. Tulizizunguka kwa mwelekeo wa saa kama ipasavyo, na milima ilionekana kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

Nawaomba wanaopanga safari wasisome ramani ya Bhutan kwa kupima umbali. Kutoka Thimphu hadi Punakha ni takribani kilomita 75, na barabara hiyo hula saa mbili na nusu hadi tatu, kona baada ya kona. Bumthang, wilaya ya katikati ya nchi ambayo ratiba nyingi huiongeza kana kwamba iko mtaa wa pili, ni kama kilomita 270 kutoka Thimphu, yaani siku nzima ya kukaa garini. Kuna ndege za ndani, ila nazo hutegemea hali ya hewa. Kampuni ilijaribu kutuuzia Bumthang ndani ya muda uleule. Nilikataa, na naamini anayekwenda kwa juma moja na siku chache anapaswa kukataa pia, kwa sababu ada ya dola 100 hulipwa hata kwa siku uliyoitumia yote ukitazama bonde kupitia kioo chenye ukungu huku ukishikilia mfuko wa kutapikia. Dawa ya kichefuchefu cha safari inunuliwe kabla ya kuondoka.

Punakha peke yake ilihalalisha uamuzi huo. Ngome yake ilijengwa mwaka 1637 na kuendelea, kwa amri ya Ngawang Namgyal, kiongozi aliyeiunganisha nchi, mahali mito ya Pho Chhu na Mo Chhu inapokutana. Humo ndimo mfalme wa kwanza, Ugyen Wangchuck, alipotawazwa mwaka 1907, na mfalme wa sasa alifungia ndoa humohumo mwaka 2011. Mwaka 1994 ziwa la barafu lilipasuka huko juu milimani na mafuriko yake yakaipiga ngome. Mwongozaji wetu alitupeleka ukingoni mwa mto kutueleza maji yalipitia wapi, kisha akatuacha tukae uani bila maneno. Tulifika majira ya kuchipua, mijakaranda iliyo nje ya kuta ikiwa imechanua.

Na hapa niseme juu ya mwongozaji, kwa kuwa ndiye aliyeibeba safari. Kabla ya kulipa niliomba kuzungumza naye kwa simu ya video, ombi ambalo lilimshangaza kidogo ofisa wa kampuni lakini halikukataliwa. Mazungumzo ya robo saa yalitosha kunionyesha kwamba anasikiliza swali hadi mwisho kabla ya kujibu. Utakuwa naye tangu kifungua kinywa hadi chakula cha jioni, atakuongoza hekaluni, atakutafsiria maneno ya mtawa na kukukatalia unapotaka kupiga picha pasiporuhusiwa. Ni busara kumjua kabla hujamwona uwanja wa ndege. Wetu alikuwa mwaminifu hata pale alipoulizwa maswali magumu, kama lile la furaha ya taifa, ambayo serikali huipima kwa vigezo vyake yenyewe: alisema bila kuzunguka kwamba vijana wengi wanaondoka kwenda Australia kutafuta kazi. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache na breki laini. Bakhshishi si lazima kisheria, ila ni desturi, na ni heshima kuwapa kila mmoja bahasha yake.

Malazi yalikuwa ya kiwango cha nyota tatu na kwa jumla yalikuwa safi. Phobjikha, hata hivyo, ilikuwa kasoro ambayo kampuni ingeweza kuizuia. Bonde lile liko karibu mita 2,900 hadi 3,000, usiku wake ni baridi kali hata majira ya kuchipua, na chumba tulichopewa kilikuwa na jiko dogo la kuni lililozimika kabla ya usiku wa manane bila mtu wa kuliwasha tena. Kama ungekuwa mwezi Desemba, tungeomba kuhamishwa. Uliza mapema chumba kinapashwa joto kwa kitu gani, na hadi saa ngapi. Bonde lenyewe ni zuri mno: waya za umeme zimefukiwa ardhini ili zisiwaumize ndege aina ya korongo wenye shingo nyeusi wanaokuja kutoka Tibet mwishoni mwa Oktoba na kukaa hadi Februari au Machi. Tulipofika walikuwa wameshaondoka, jambo ambalo kampuni ilitueleza wazi tangu mwanzo, na naihesabu hiyo kuwa uaminifu, maana picha za korongo ndizo zinazouza bonde hilo.

Chakula kilinivunja moyo kwa sababu isiyotarajiwa: kilikuwa kimepunguzwa ukali mno. Milo ya mchana ilipangwa katika mikahawa ya watalii, ambapo ema datshi, mchuzi wa pilipili na jibini unaoliwa nchi nzima pilipili zikiwa ndiyo mboga yenyewe, hupikwa kwa woga hadi kubaki jibini tupu. Nilipolalamika, mwongozaji alitupeleka wanakokula madereva, na kuanzia hapo tulikula wali mwekundu na mchuzi wa kweli, machozi yakitutoka. Iandikwe katika makubaliano kwamba baadhi ya milo itakuwa sehemu za wenyeji. Nyama nyingi huingizwa kutoka India, na nyama halali ni adimu. Mwislamu atakula vizuri akitegemea mboga, dengu, viazi na mayai, mradi awaarifu mapema ili hoteli zisihangaike.

Taktsang ilikuja mwishoni, kama tulivyopanga. Hekalu la kwanza mahali pale lilijengwa mwaka 1692 kwenye genge ambalo inaaminika Guru Padmasambhava, mwalimu wa Kibudha, alitafakari humo pangoni katika karne ya 8. Moto wa mwaka 1998 uliliteketeza sehemu kubwa, na ujenzi upya ukakamilika mwaka 2005. Njia huanzia kwenye mita 2,600 hivi na humchukua mtu wa kawaida saa mbili hadi tatu kupanda. Farasi hukodishwa hadi karibu nusu ya njia, kwenye mgahawa wa mapumziko. Kutoka hapo kila mtu hutumia miguu yake, na sehemu ya mwisho ni ngazi za mawe zinazoshuka hadi penye maporomoko ya maji kisha zikapanda tena, kwa hiyo mwenye magoti mabovu apime kurudi kwake kabla hajafurahia kufika. Simu, kamera na mabegi huachwa langoni. Tuliondoka hotelini kabla ya jua kuchomoza, na mwongozaji alikuwa sahihi kusisitiza hivyo: tulipokuwa tukishuka, njia ilikuwa imejaa vumbi la farasi na makundi makubwa. Baada ya siku kadhaa za kuzoea mwinuko, sikuumwa kichwa hata kidogo.

Mambo madogo nayapitia haraka. Ngultrum ina thamani sawa na rupia ya India, na rupia hupokewa. Mashine za kutolea fedha zipo mijini lakini hazikubali kila kadi ya kigeni, kwa hiyo beba dola safi zisizokunjika. Laini za simu za B-Mobile na TashiCell hupatikana kwa urahisi. Umeme ni wa volti 230. Kwa ngome na mahekalu, vaa nguo ndefu zinazofunika mikono na miguu, na uvue kofia mlangoni.

Kuhusu wakati, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ndiyo miezi yenye anga safi na bei za juu; Juni hadi Agosti mvua za monsuni huleta maporomoko ya udongo barabarani. Anayetaka kuiona tsechu (tamasha la kidini) ya Paro, ambayo huja majira ya kuchipua na siku yake ya mwisho alfajiri hufunuliwa pazia kubwa la kitambaa lenye picha takatifu, au ile ya Thimphu inayofanyika karibu na Septemba na Oktoba, athibitishe tarehe za mwaka husika, kwa kuwa hufuata kalenda ya mwezi na huhama kila mwaka. Katika juma hilo vyumba vya Paro na viti vya ndege ndivyo huisha kwanza. Kampuni yetu ilikubali kushikilia vyumba kwa malipo ya awali huku tukisubiri tiketi, lakini kwa sharti kwamba fedha hizo hazirudi; ningeanza na kiti cha ndege, nikishakuwa nacho ndipo ningetuma malipo ya awali.